Elimu ya Afya Saa ya Chakula: Kinachobaki Daktari Akishaondoka

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kwamba mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kifungu hicho hicho kina jambo jingine ambalo waandaaji wengi wa semina za afya hawalitazami: mwajiri halazimiki kuulipia muda huo, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi. Maana yake ni kwamba katika viwanda vya Chang'ombe, maghala ya Kurasini, karakana za Mikocheni na ofisi za Mwenge, ile saa saba hadi saa nane mchana ni ya mfanyakazi mwenyewe. Ndiyo saa ya kula, ya kuswali adhuhuri, ya kuuliza nyumbani kama mtoto ameshuka homa, ya kununua umeme kwa simu, ya kunyoosha mgongo. Anayekuja na daktari, projekta na karatasi ya mahudhurio anaomba sehemu ya kitu ambacho si chake. Aombe vizuri, na awe na cha kutoa.

Hata hivyo, ukiitazama siku nzima ya mfanyakazi wa Dar es Salaam, ni vigumu kuona saa nyingine ya kukutana naye. Sensa ya 2022 iliikuta Temeke ina watu zaidi ya 1,340,000 na Kinondoni zaidi ya 980,000, na mji umekuwa ukitanuka kuelekea Chamazi na Toangoma upande wa kusini, Bunju na Mabwepande upande wa kaskazini. Mtu anayelala Chamazi na kufanya kazi Keko hutoka kwake giza halijaisha na kurudi giza limeshaingia. Kliniki za presha na kisukari katika hospitali za umma huwa na siku zake, huanza asubuhi, na anayetaka kuwahi foleni hufika mapema kuliko daktari. Jumamosi viwanda vingi viko kazini. Kwa hiyo afya ama imkute mtu huyu getini kwa mwajiri wake, ama isimkute mpaka siku atakapoanguka.

Na kuanguka kwenyewe si maneno ya kutishana. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Walipokwisha kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na takriban wagonjwa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316. Karibu mara tatu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wapishi, madereva, mafundi cherehani na walinzi ambao siku moja mkono mmoja ulikataa kushika kikombe, na kuanzia siku hiyo kaya nzima ikabadilika: mtoto mkubwa akaacha shule atafute kibarua, mke akafunga genge ili amhudumie mgonjwa. Presha ndiyo iliyo mbele katika kusababisha kiharusi, na presha hupimwa kwa dakika tano.

Tanzania si mgeni wa elimu ya afya kwa watu wazima waliokaa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma sura ya kijitabu pamoja na kiongozi wake, kikajadili, kisha kikaamua kazi ya kufanya kabla ya kipindi kijacho: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Mwaka huo huo Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo lililowataka waajiri waanzishe elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi. Mambo mengi ya kipindi kile yamepitwa na wakati. Lakini utaratibu wa Mtu ni Afya bado unawashinda wengi wanaoandaa semina leo, kwa sababu kipindi hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha mpaka choo kichimbwe.

Wimbi la pili lilikuja na UKIMWI. Rais Benjamin Mkapa alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) ikaundwa 2001, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 ikamtaka kila mwajiri awe na programu mahali pa kazi: elimu inayozingatia jinsia, kondomu, na msaada kwa wanaoishi na virusi. Waelimisha rika wakafundishwa bandarini, viwandani, katika polisi na katika kampuni za malori. Waajiri walikuwa na sababu zao za kukubali, na hazikuwa za huruma peke yake. Katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba wachumaji waliokuja kufariki au kuacha kazi kwa sababu ya UKIMWI walikuwa wakichuma kati ya kilo 4 na karibu 8 pungufu kwa siku katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho. Mwenye shamba anaelewa lugha ya kilo.

Wimbi hilo lilifanya kazi kubwa, na ni haki kulisema. Lilivunja ukimya. Lilimfundisha msimamizi wa zamu kutamka neno kondomu mbele ya watu bila kucheka. Lakini liliacha pia mazoea ambayo mpaka sasa yanatusumbua: semina kuwa tukio la kuripotiwa. Mfadhili alitaka idadi ya waliohudhuria, na idadi ikapatikana. Programu nyingi zilitegemea fedha za nje, na fedha zilipopungua zikafifia, kilichobaki kikawa bango lililopauka ukutani karibu na chumba cha mlinzi. Mwaka 2014 serikali iliandaa mwongozo kwa utumishi wa umma unaounganisha VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa mahali pa kazi, kwa hiyo kwenye karatasi mada ya presha na kisukari imeshaingia. Tatizo ni kwamba imeingia ikiwa imevaa mazoea yale yale.

Hapa ndipo pana utafiti ambao kila afisa utumishi wa jiji hili angepaswa kuujua kabla hajamwalika daktari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Uswisi walipita mitaa ya Dar es Salaam wakiwapima presha watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Walikuta presha ya juu kwa asilimia 27 ya wanaume na asilimia 30 ya wanawake. Kisha wakafanya jambo ambalo wapimaji wengi hawafanyi: wakarudi. Waliwafuatilia kwa miezi 12 watu zaidi ya 600 waliokutwa na presha ya juu wasiokuwa kwenye dawa, ambao wote walishaelezwa hali yao na kushauriwa waende kituo cha afya. Theluthi moja tu ndio waliokwenda. Kati ya hao waliokwenda, theluthi tu ndio walioandikiwa dawa. Mwaka ulipokwisha, waliokuwa wakimeza dawa walikuwa asilimia 3 ya kundi zima.

Yaani katika kila watu 100 waliopimwa, wakaambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba wana tatizo na wakaonyeshwa pa kwenda, 97 walikuwa hawatumii dawa yoyote ya presha mwaka mmoja baadaye. Walipoulizwa kwa nini hawakwenda walitaja mambo matatu makubwa: hawakuona dalili yoyote, matibabu yana gharama, na hawakuwa na muda.

Mambo hayo matatu ndiyo uti wa mgongo wa hoja yangu. La kwanza, kutoona dalili, ni la kuelimishana, na mhadhara mzuri wa mchana unaweza kulitibu. Presha haiumi; mtu anaweza kubeba magunia ya saruji Tegeta huku mishipa yake imeshachoka, na anahitaji mtu wa kumweleza hivyo kwa subira. La pili na la tatu, gharama na muda, hayatibiwi kwa maneno hata kama msemaji ni profesa wa Muhimbili. Yako mikononi mwa mwajiri: bima anayoichangia au kutoichangia, na ruhusa ya kwenda kliniki anayoitoa au kuikata kwenye mshahara. Kampuni inayoleta mhadhara wa presha na wakati huo huo inamkata siku mfanyakazi aliyekwenda kliniki ya presha imefanya kazi moja kati ya tatu, na kazi hiyo moja haimfikishi mtu kwenye dawa.

Ndiyo maana simwelewi meneja anayeuliza kwanza mgeni rasmi atakuwa nani. Swali la kwanza liwe hili: yule atakayekutwa na presha 180 juu ya 110 saa saba na nusu mchana, saa nane atakuwa wapi? Kama jibu ni kwamba atakuwa amerudi kwenye mashine akiwa na kikaratasi mfukoni, shughuli iahirishwe mpaka jibu jingine lipatikane. Jibu hilo si gumu. Kampuni ikubaliane na kituo cha afya kilicho jirani siku na mtu wa kuwapokea watakaopewa rufaa. Ruhusa ya asubuhi moja kwa mwezi kwa mwenye kadi ya kliniki iandikwe kwenye utaratibu wa kazi ili isitegemee huruma ya msimamizi wa zamu. Baada ya miezi mitatu, muuguzi yule yule arudi na kupima wale wale. Muuguzi huyo, kwa maoni yangu, ana thamani kuliko bingwa aliyekuja mara moja, kwa sababu watu wataona haya kumwambia hawakwenda, na wataona raha kumwambia walikwenda.

Ukaribu wa huduma unafanya kazi, na ushahidi wake tunao kutoka Harare. Huko kampuni 22 ziligawanywa katika makundi mawili: nusu yake wafanyakazi walipewa nafasi ya kupima VVU kwenye zahanati ya kazini, nusu nyingine walipewa vocha za kwenda kupima bure kituo cha nje. Pale ambapo kipimo kilikuwa kazini, karibu asilimia 51 walipima. Penye vocha, asilimia 19. Bei ilikuwa sawa, yaani bure. Kilichotofautiana ni kupanda gari na kuomba ruhusa. Mtu wa Mbagala anayeijua Barabara ya Kilwa saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa pili wa ushahidi hauwafurahishi wanaouza programu hizi. Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwagawa kwa bahati nasibu karibu wafanyakazi wake 5,000. Wengine wakapewa programu kamili ya afya kazini, wengine wasipewe. Matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuonyesha kushuka kwa gharama za matibabu wala kupungua kwa utoro kazini. Lililojitokeza wazi ni kwamba waliojiandikisha kwa hiari walikuwa tayari na afya bora na gharama ndogo za matibabu kabla programu haijaanza. Marekani si Temeke, na mfanyakazi wa chuo kikuu si kibarua wa ghala. Lakini tabia hiyo tunaiona hapa pia: wa mstari wa mbele kwenye mhadhara wa mazoezi ni yule anayekimbia Coco Beach kila Jumamosi, na aliyekuwa anahitajika zaidi amejilaza kivulini nyuma ya ghala kwa sababu amechoka. Kumpa adhabu asipokuja ni kosa, na ni kumnyang'anya saa yake. Dawa ni kuisogeza shughuli karibu naye: mashine ya presha iwe kwenye njia ya kwenda kuchukua chakula, mazungumzo yafanyike pale pale anapokula, yasizidi dakika 20, abaki na muda wa kujinyoosha.

Kuna pia mambo ya kalenda ambayo yanaonekana madogo, kumbe ndiyo yanayojaza au kumwaga ukumbi. Ijumaa mchana haifai. Wafanyakazi wengi wanakimbilia msikitini, na wanaobaki wanaona kwamba shughuli imepangwa bila wenzao. Mwezi wa Ramadhani mazungumzo yahamie asubuhi, na mada iliyo ya maana zaidi wakati huo ni jinsi mgonjwa wa kisukari anavyopaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kufunga. Mwisho wa mwezi watu wana haraka za kwenye simu na benki. Wenye zamu ya usiku nao wasisahaulike: mchana wamelala, na wao ndio wenye usingizi uliovurugika na mlo wa saa nane usiku.

Chakula chenyewe kinastahili kuzungumzwa zaidi. Nimesikia wataalamu wakiwaambia wafanyakazi wapunguze chumvi, mafuta na wanga, halafu mlango unafunguliwa na kila mtu anakwenda kula kilichopo: sahani ya wali iliyojaa, maharage, kipande cha nyama chenye mchuzi wa kung'aa, soda. Mtu huyo hana jiko. Jiko lake ni la mama lishe wa nje ya geti au mzabuni wa kantini, na kiasi cha chumvi anachokula mchana kinaamuliwa na mkono wa mtu ambaye hakualikwa kwenye mhadhara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Nani anaweza kuusogeza ulaji wa watu 200 kuelekea kiwango hicho kwa wiki moja? Mpishi. Mama lishe aalikwe, na aalikwe kwa heshima, kama mtaalamu wa kazi yake. Aulizwe wateja wake wanapenda nini, mafuta anayabadilisha lini, mchicha na matembele yanampa hasara kiasi gani yasipoisha. Kampuni ikimhakikishia kununua mboga sahani 60 kila siku, atazipika. Mzabuni wa kantini yeye ana mkataba, na mkataba unaweza kuandikwa kwamba chumvi isiwekwe mezani, matunda yawepo kila siku, maji ya kunywa yawe bure na ya baridi. Maji ya bure yatapunguza soda kuliko picha za meno yaliyooza.

Sasa nifike kwenye mada ambayo huachwa, na nadhani huachwa kwa makusudi. Orodha za mihadhara ya mchana zinafanana: lishe, mazoezi, pombe, sigara, msongo wa mawazo. Zote zinahusu tabia ya mfanyakazi. Vumbi la unga, la mbao na la saruji, kelele za mashine, joto la bati mwezi wa pili, kemikali za kusafishia, choo kimoja kwa wanawake 80, hayo hayana siku yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamdai mwajiri uchunguzi wa afya kwa wafanyakazi, vifaa vya kujikinga, maji salama, vyoo, na kuwepo kwa wawakilishi wa usalama na afya wanaotokana na wafanyakazi. Anayelipwa na mwajiri ili azungumze ni vigumu aulizie vyoo vya mwajiri. Lakini mwanamke anayejibana asinywe maji tangu asubuhi kwa sababu msimamizi anahesabu dakika za kwenda chooni, kisha kila mwezi ananunua dawa ya UTI dukani, hahitaji mhadhara kuhusu umuhimu wa kunywa maji. Anajua. Anahitaji choo na ruhusa.

Kwa sababu hiyo ningependa uchaguzi wa mada usibaki mikononi mwa idara ya utumishi peke yake. Wawakilishi wa usalama na afya, pamoja na tawi la chama cha wafanyakazi kama TUICO pale lilipo, ndio wakae na kupanga. Sanduku la maswali yasiyo na majina liwekwe wiki mbili kabla. Atakayelifungua atakuta maswali ambayo hakuna daktari angeyabuni: mgongo wa kubeba kreti, nguvu za kiume, mimba zinazoharibika kwa wanaosimama kutwa, jicho linalowasha kila zamu ya kuchanganya rangi. Maswali yanayohusu kazi yajibiwe na mwenye kazi, mbele ya daktari na wafanyakazi. Hapo saa ya chakula itakuwa imezaa kitu.

Afya ya akili nayo imeanza kupata nafasi, na nimefurahi. Lakini mazungumzo ya msongo wa mawazo jijini humu yasiyogusa mikopo ya kausha damu yanapita pembeni ya ugonjwa. Mtu aliyekopa kwa riba ya wiki, aliyeacha kadi yake ya benki mikononi mwa mkopeshaji, hatatulizwa na mafundisho ya kuvuta pumzi. Kwake mtaalamu wa kufaa kualikwa mwezi huo anaweza kuwa afisa wa SACCOS, na hatua ya mwajiri inaweza kuwa ni kulipa mshahara kwa tarehe isiyoyumba.

Nani aruhusiwe kuzungumza? Hapa nina ukali kidogo. Saa ya chakula ya kampuni yenye watu 300 ni soko, na wafanyabiashara wameliona. Kuna wanaokuja na mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma ini, figo, mifupa na homoni kwa dakika moja, ikatoa karatasi ndefu ya magonjwa, na pembeni yake pana meza ya virutubisho vya laki na zaidi. Wengi wamenunua kwa mkopo. Wengine wameacha dawa zao za kisukari. Kanuni iwe fupi: anayezungumza asiuze chochote siku hiyo, na awe muuguzi, daktari au mtaalamu aliyesajiliwa ambaye hospitali ya wilaya au ya mkoa inamjua. Hospitali za Temeke na Mwananyamala na vituo vya afya vya manispaa vina watu wa elimu ya afya ambao kazi yao ni hiyo, na barua ya kuwaomba haina gharama. Hata mzungumzaji wa bima atengewe siku yake. Akichanganywa na vipimo, watu hudhani matokeo yao yanakwenda kwenye faili.

Hofu hiyo ya faili si ya kupuuza, kwani ndiyo inayoamua kama mtu atanyoosha mkono apimwe. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU na inalinda siri ya majibu, lakini vibanda vya kupimia vinavyowekwa uwanjani mbele ya dirisha la meneja vinaivunja siri hiyo bila mtu kusema neno. Aliyekaa kwenye kibanda dakika 40 wakati wenzake walikaa 10 ameshasomwa na kiwanda kizima. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mtu anaweza kujipima mwenyewe, na kwa wanaume wa viwandani, ambao kampeni ya Furaha Yangu ya 2018 iliwalenga kwa sababu wamekuwa wakibaki nyuma katika kupima, kifaa cha kwenda nacho nyumbani kinaweza kuwa njia ya staha zaidi. Kwa presha na sukari, orodha ya majina ibaki kwa muuguzi. Meneja apewe tarakimu tupu: wangapi walipimwa, wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika kliniki. Tarakimu ya tatu ndiyo ya kumnyima usingizi.

Yote haya yanamhusu mwenye mwajiri, na ni kosa kuandika kuhusu Temeke na Kinondoni kana kwamba kila mtu anaye. Mafundi samani wa Keko, wauza nafaka wa Tandale, wachuuzi wa Tandika, bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu na akina mama lishe wenyewe hawana afisa utumishi. Vibarua wanaookotwa getini alfajiri wana mwajiri wa siku moja tu. Kwao saa ya mchana ipo, tena kijiweni abiria wakipungua watu hukaa mpaka saa tisa, na wengi wamejaribu kuitumia. Jaribio kubwa lililofanywa Tandale, Manzese na kata jirani liliwachukua wanaume wa vijiwe 59. Katika nusu yake, viongozi waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuzungumzia afya na VVU, na wanachama wakapewa mikopo midogo. Mitazamo kuhusu wanawake ilisogea kidogo. Magonjwa ya zinaa na ukatili dhidi ya wapenzi, vilivyokuwa lengo kuu, havikupungua kwa kulinganisha na vijiwe vingine.

Matokeo hayo hayanikatishi tamaa na kijiwe. Kijiwe kinaaminiana kuliko idara nyingi. Ila yananirudisha kwenye yale mambo matatu ya wagonjwa wa presha. Bodaboda aliyeelimishwa saa nane mchana bado anatakiwa kuacha pikipiki ya mkataba asubuhi nzima ili afike kliniki, na hesabu ya tajiri jioni iko pale pale. Hapa hakuna mwajiri wa kudai ruhusa, kwa hiyo muda wa huduma ndio unaotakiwa kuhama. Serikali ilipozindua mpango wa magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2019, na Bunge lilipopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, upande wa gharama ulianza kuguswa. Upande wa saa haujaguswa. Kliniki ya presha na sukari inayofunguliwa Rangi Tatu au Tandale kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, hata kwa siku mbili za wiki, inahitaji wauguzi wawili, mhudumu wa dawa na posho yao ya jioni. Manispaa zinakusanya ushuru sokoni. Madiwani wakipanga bajeti ijayo, hilo ni fungu la kuulizia kwa jina lake.